Ngome ya Delgrès kule Guadeloupe: anza kuisoma kwa mgongo wake

Watu wengi waliniandikia kisha kuona zile picha za ngome: ni wapi huko, nani aliijenga, na juu ya nini mtu wa agronomia anaenda kumaliza siku ya Mungu kwenye kuta za vita wakati walimtuma kuangalia migomba. Wandugu, nitajibu wote mara moja hapa. Itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie.

Jibu fupi ni hili: ni udongo njo ulijengesha ile ngome. Mizinga yake inaangalia bahari, ni kweli, na watalii wote wanapiga picha kule mbele. Lakini kitu ilikuwa inalinda kiko nyuma yake, kwenye miteremko ya volkano. Ukienda pale bila kugeuza kichwa, utarudi na picha nzuri za mawe, basi.

Tuanze na mahali. Guadeloupe iko ndani ya bahari ya Karibi. Ni sawa visiwa viwili vilivyoshikana: mashariki Grande-Terre, tambarare ya mawe ya chokaa, magharibi Basse-Terre, milima na misitu. Hadi leo ni sehemu ya Ufaransa, mkate unaununua na euro. Mji wa serikali unaitwa Basse-Terre pia, ni mji mdogo, na juu yake kuna La Soufrière, volkano ya mita 1467. Siku mingi kichwa chake kiko ndani ya mawingu. Ngome iko mwisho wa mji upande wa kusini, juu ya mto Galion, kwenye karibu hektari 5.

Siye wa Goma hatuna haja ya kufundishwa maana ya kulala chini ya volkano. Mwaka 1976 ile ya kwao ilianza kutoa mvuke na majivu, serikali ikahamisha watu zaidi ya 70000, kisha mlima ukatulia. Mlinzi mmoja wa pale, mzee mwenye kofia ya majani, aliniambia alikuwa mtoto wakati ule. Nilipomwambia kwamba 2021 na siye tulibeba magodoro kuelekea Sake, alicheka sawa mtu aliyepata ndugu yake. Toka hapo hakuniacha tena, alinizungusha ngome nzima.

Udongo wa ile miteremko ni mweusi, mwepesi mkononi, unashika maji sawa sponji. Jina lake la shule ni andosoli. Ni jamaa ya udongo wetu wa Rutshuru na Masisi. Shikeni hilo jina, litarudi kule chini na habari mbaya.

Wafaransa walifika pale 1635. Walikuta wenyeji, Wakalinago, wakapigana nao, na waliobaki wakasukumwa kwenye visiwa vya jirani, zaidi Dominica. Wakoloni wa kwanza walilima tumbaku. Mwaka 1650 gavana Charles Houël, ambaye yeye na shemeji yake walikuwa wamenunua kisiwa chote kwa kampuni iliyokuwa nacho (ndiyo, kisiwa kizima, sawa vile mtu ananunua kiwanja Himbi), alijenga nyumba ya mawe yenye nguvu juu ya Galion. Ile nyumba njo mbegu ya ngome. Miaka minne kisha, Waholanzi waliofukuzwa Brazil wakafika na ujuzi wa kutengeneza sukari, na kila kitu kikageuka.

Hapa mniruhusu kidogo nifundishe, juu bila hii huwezi kuelewa zile kuta. Muwa ukishakatwa haungoji. Sukari iliyo ndani yake inaanza kuharibika. Uuache siku chache kwenye jua na mavuno yamepotea. Kwa hiyo kinu lazima kikae kando ya shamba, na msimu ukianza kinu hakilali: wanakamua, wanachemsha, usiku na mchana, moto na mvuke, na vidole vya watu karibu na magogo yanayozunguka. Tumbaku, familia moja inaweza kuilima kwenye shamba dogo. Sukari inataka ardhi kubwa, kinu, masufuria makubwa, wanyama wa kuvuta, na mikono mamia kwa wakati mmoja. Nani atafanya kazi ile kwa kupenda? Wazungu maskini walioletwa na mikataba ya miaka mitatu hawakutosha. Wenye mashamba wakaenda kununua watu Afrika. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV akatia sahihi Code noir, sheria iliyoandika kwamba mtumwa ni mali ya nyumbani, anarithiwa sawa kiti na kitanda.

Sasa fanya hesabu kama mwizi. Kisiwa kidogo, utajiri mingi, kimezungukwa na maji, na kila mwenye meli anaweza kukifikia. Waingereza walikuja kukivamia 1691, wakarudia 1703, wakarudia 1759. Kila mara Wafaransa walitengeneza upya na kuongeza kuta. Ile ya 1759 Waingereza walishinda, wakakaa na kisiwa hadi 1763. Wakati wa kufanya amani, huko London watu waliandika vitabu vidogo vya kubishana: tubaki na Canada ao tubaki na Guadeloupe? Kisha katika mapatano ya Paris ya 1763 Ufaransa iliacha Canada na kurudishiwa Guadeloupe na Martinique. Nchi kubwa ile yote upande mmoja wa mizani, visiwa vya sukari upande wa pili, na kwa wakati ule visiwa njo vilionekana vizito. Mwenye kuniuliza thamani ya udongo, ninamuelekeza hapo.

Ukiingia ndani, kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kwamba kuta haziko ndefu sana. Katika sinema ngome ni minara inayopanda mbinguni. Lakini mizinga njo ilimaliza minara: ukuta mrefu na mwembamba unaanguka kwa risasi chache za chuma. Kwa hiyo wajenzi wa wakati ule walifanya kuta fupi, nene sana, mawe mbele na udongo nyuma, juu udongo unameza risasi pasipo kupasuka. (Tena udongo, mnaona.) Halafu angalia pembe. Ukuta hauendi moja kwa moja, unatoa ncha sawa ncha za nyota. Maana yake: adui akikaribia ukuta huu, askari wa ncha ile wanamuona ubavuni. Hakuna pembe ya kujifichia. Nilisimama kwenye ncha moja nikajaribu kutafuta mahali chini ya ukuta pasipoonekana. Hapana, hakuna hata kiloko.

Ndani kuna visima vya kuhifadhi maji ya mvua, stoo ya baruti yenye kuta nene, vyumba vya askari ambavyo vingine vimebaki mawe tu, na majani mafupi yaliyokatwa vizuri. Hivi vitu unavipita haraka. Mimi nilikaa zaidi kwenye mlango mdogo wa nyuma, unaoshuka kwenye Galion. Mzee mlinzi alinipeleka pale bila kuniuliza. Alisema watu wanaopenda picha anawapeleka mbele, watu wanaouliza maswali anawapeleka huku.

Hadithi ya ule mlango ni hii. Tarehe 4 Februari 1794 bunge la mapinduzi huko Paris lilifuta utumwa. Waingereza walikuwa wamekuja tena kukamata Guadeloupe, na aliyeleta ile sheria kisiwani mwezi wa sita, Victor Hugues, aliwapa bunduki watu waliotoka utumwani. Mwisho wa mwaka ule Waingereza wa mwisho waliondoka, na mahali pao pa mwisho palikuwa ngome hii hii. Kwa miaka minane watu walikuwa huru. Huru nusu, tuseme ukweli: Hugues aliwalazimisha wengi kubaki kwenye mashamba yale yale. Lakini hakuna aliyeweza kuwauza, na vijana wengi walikuwa askari na maafisa wa Jamhuri.

Kisha akaja Bonaparte, ambaye alitaka sukari irudi sawa zamani. Tarehe 6 Mei 1802 jenerali Richepance alifika Pointe-à-Pitre na askari zaidi ya 3000. Waliwanyang'anya silaha askari weusi wa pale. Habari ikafika Basse-Terre kwa kamanda wa mji, Louis Delgrès. Huyu alizaliwa Saint-Pierre, Martinique, 1766, mtu huru wa damu mbili, afisa aliyesoma, aliyepigania Ufaransa dhidi ya Waingereza na kufungwa nao. Hakuwa mtu wa kuchukia Ufaransa. Aliamini ile karatasi ya 1794, na sasa waliomwandikia walikuwa wanakuja kuichana.

Tarehe 10 Mei alitoa tangazo. Hakumwandikia Richepance wala Bonaparte: alilielekeza kwa ulimwengu wote, na mwishoni akaomba watu wa vizazi vitakavyokuja wawalilie. Unaona ndani yake mtu anayejua hesabu ya askari wake na anayejua mwisho. Akajifungia ndani ya ngome.

Hapa njo inabidi ukumbuke zile kuta. Ngome ilijengwa kwanza kwa adui anayetoka baharini. Richepance alikuwa na nchi kavu. Akapanga mizinga upande wa vilima, akapiga kutoka mgongoni, siku kwa siku. Kuta zilizojengwa kulinda mashamba ya watumwa sasa zilikuwa zinalinda watu walioacha kuwa watumwa, na upande uliokuwa dhaifu ni ule wa mashamba. Usiku wa 22 Mei Delgrès na watu wake walitoka kupitia mlango wa Galion, wakashuka mtoni. Kundi moja, na Ignace, likaelekea Pointe-à-Pitre; Ignace alikufa pale Baimbridge siku tatu kisha. Delgrès alipanda Matouba, juu ya Saint-Claude. Tarehe 28 Mei, walipozungukwa kwenye nyumba ya shamba la d'Anglemont, waliwasha baruti na kulipuka pamoja na maadui waliokuwa wameingia. Walikuwa karibu watu 300, na wanawake walikuwa ndani.

Siku mbili mbele ya ule usiku wa Galion, tarehe 20 Mei, huko Paris ilipita sheria ya kushikilia utumwa kwenye makoloni yaliyorudishwa na Waingereza. Tarehe 16 Julai Bonaparte akaurudisha na Guadeloupe. Msako uliendelea miezi. Mwanamke anayeitwa Solitude, aliyekuwa na mimba wakati wa vita, alikamatwa. Walingoja ajifungue, na kesho yake, 29 Novemba 1802, wakamnyonga. Mtoto alikuwa mali ya mtu, sheria haikutaka kuharibu mali. Utumwa ukaendelea miaka 46 zaidi, hadi 1848.

Richepance hakufurahia ushindi. Tarehe 3 Septemba 1802 alikufa kwa homa ya manjano. Mbu anayebeba ile homa alitoka Afrika ndani ya meli za watumwa, anazaa kwenye maji safi yaliyotulia, mapipa na visima, na bandari za sukari zilijaa mapipa na visima. Ile biashara ilibeba kifo chake yenyewe. Lakini ilikuwa inaua pia watu ambao hawakuifaidi, kwa hiyo siwezi kuiita haki. Walimzika ndani ya ngome, na ngome ikapewa jina lake, Fort Richepance. Kwa muda mrefu watoto wa watu aliowarudisha utumwani walisema jina lake kila siku wakipita kwenda soko. Katika karne ya 20 jina la zamani, Saint-Charles, lilirudi, na mwaka 1989 ikawa rasmi Fort Delgrès.

Kaburi la Richepance liko pale pale. Nilimuuliza mzee kama hakuna anayetaka kuliondoa. Alijibu: «Liache. Sasa yeye njo mgeni wa Delgrès.» Mimi nakubaliana naye kabisa.

Halafu akaniuliza: «Kongo gani, mwanangu?» Nikasema Kongo ya Kinshasa, lakini mashariki, mbali sana na bahari. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba katika Kikreoli chao, alipokuwa mtoto, mtu akitaka kukutukana kwamba uko mweusi sana na mshamba, anakuita Kongo. Aliniomba radhi kana kwamba ni yeye alibuni lile tusi.

Wandugu, nilihisi kitu kwenye tumbo. Lakini tusi nalo lina historia, na historia yake ni ya kazi. Watu wa mwambao wa Kongo na Loango waliuzwa katika visiwa vile tangu zamani sana. Kisha, utumwa ulipofutwa 1848, wenye mashamba walitaka mikono ya bei ya chini. Kati ya 1857 na 1861 kampuni ya Régis ya Marseille ilileta Guadeloupe karibu watu 6000 kutoka upande wa Loango na mdomo wa mto Kongo. Kwenye karatasi walikuwa «wafanyakazi wa mkataba». Kwa kweli wengi walinunuliwa kwa wauza watumwa, wakaambiwa wamekombolewa, wakapewa mkataba wa miaka kumi katika lugha wasiyoijua. Walipofika, walikuta watu walioachiliwa miaka kumi nyuma, wanaojitahidi kuondoka shambani. Na hawa wageni waliletwa kufanya ile ile kazi. Ni rahisi kuelewa namna jina lao liligeuka kuwa jina la mtu wa chini kabisa. Kule Capesterre, upande wa mashariki wa volkano, kuna familia zinazohifadhi mpaka leo nyimbo na ngoma za wale wazee, na wanajivuna kuitwa Kongo.

Kutoka juu ya kuta, geuka sasa uangalie vilima. Sukari imehamia zaidi upande wa Grande-Terre na kaskazini. Huku kusini, toka karne iliyopita, ni ndizi za kupakia meli kwenda Ulaya. Na ndizi ina adui ambaye kila mkulima wa Kivu anamjua hata kama hajui jina lake la kilatini: fukusi, yule mdudu mweusi ambaye watoto wake wanatoboa shina chini mpaka mgomba unaanguka na upepo. Tangu 1972 hadi 1993 walimpiga pale na dawa inayoitwa klodekoni. Kiwanda kilichokuwa kinaitengeneza Marekani kilifungwa 1975 juu wafanyakazi waliugua, mikono inatetemeka. Ufaransa iliikataza 1990, lakini mashamba ya visiwa yalipewa ruhusa ya kuendelea miaka mitatu zaidi.

Sasa lile jina la udongo linarudi. Andosoli, kwa vile inashika maji na mbolea, inashika pia sumu. Klodekoni imejificha ndani ya chembe zake, na mahesabu ya watafiti yanazungumza juu ya karne, si miaka. Ndizi yenyewe iko juu, karibu haiichukui. Lakini kolokazi, viazi vitamu, viazi vikuu, vyote vinavyokaa ndani ya udongo, vinaichukua. Kuku anayechokora nyuma ya nyumba anaichukua. Mito inaipeleka kwa samaki. Zaidi ya 90% ya watu wazima wa Guadeloupe na Martinique wanayo ndani ya damu. Kesi ilifunguliwa 2006, na Januari 2023 mahakimu wa Paris waliifunga bila kumshitaki mtu. Ndizi za kupeleka Ulaya zilibaki salama. Chakula cha bustani ya maskini njo kilipotea.

Hapo juu ya ukuta nilifikiri juu ya watu wetu wa Rutshuru na Kabare, wanaopambana na fukusi kwa njia ya zamani: kuchonga vizuri chipukizi mbele ya kupanda, kulichovya katika maji ya moto, kupasua vipande vya shina na kuviweka chini sawa mtego halafu kuokota wadudu asubuhi. Kazi ni nyingi, ndiyo. Na kila mwaka anatokea mtu na kopo lisilo na jina anauza «dawa ya migomba» sokoni. Siye wenye lisansi njo wakulima wanatuletea lile kopo mkononi wakiuliza: hii ni nini? Kabla ya kujibu, tafuta jina la kemikali kwenye karatasi yake. Kama karatasi haiko, jibu umelipata.

Kwa wale wanaouliza namna ya kufika: viza ya Guadeloupe inaombwa kwa ubalozi wa Ufaransa lakini si ile ya Schengen, msichanganye, mwenzetu mmoja alikwama juu ya hiyo. Kutoka Pointe-à-Pitre kuna basi hadi Basse-Terre. Pale ngome mimi sikulipa kitu kuingia. Nenda asubuhi, beba maji, juu ya zile kuta hakuna kivuli. Anzia kwa mlango wa Galion, umalizie kwa mizinga. Kama nguvu zimebaki, panda hadi Matouba: kuna baridi kiasi sawa Masisi, mawingu yanapita karibu na kichwa, na pale kuna jiwe la ukumbusho kando ya barabara. Kwa maswali ya mafunzo yenyewe ya migomba, nitaandika wiki ijayo, juu ripoti sijaimaliza.